Chogo la Mia

Ukitaka kumuudhi Oktavia wa Lyamkena, mwambie televisheni yako imekufa. Atakukata jicho hilo! Kwa miaka yote aliyokaa kwenye kibanda chake cha ufundi pale Makambako, neno hilo halijawahi kumtoka mbele ya mteja. Mletee televisheni ya chogo, zile za zamani zenye kisogo kinene, iliyoungua mpaka inanuka, ataifungua mgongo, ataipuliza vumbi, ataguna, halafu atasema, "Hii imechoka tu, mama. Niachie. Njoo kesho." Na hiyo kesho, jamani, wengine wanaisubiri tangu watoto wao wako chekechea, na watoto sasa wana ndevu.

Si kwamba ni mwongo. Tuseme ukweli, mikono yake ni ya ajabu, na nusu ya redio zinazoongea pale mjini zinaongea kwa sababu yake. Televisheni akishaimaliza, huandika jina lake na tarehe kwa rangi nyeupe ndani ya kifuniko cha nyuma, kama mwalimu anavyosahihisha daftari. Ila kushindwa ndiko hakujui. Juu ya mlango wa kibanda chake kuna rafu, na juu ya rafu imekaa televisheni ndogo yenye sanduku la mbao, kioo chake kimeandikwa kwa rangi nyekundu OKTAVIA FUNDI TV NA REDIO. Watu wanadhani ni kibao cha biashara. Kumbe ndiyo televisheni ya kwanza aliyowahi kuifungua, akiwa binti wa miaka kumi na saba, wakati mtaa mzima ulikuwa unamcheka kwamba msichana gani anashika bisibisi. Mfanyakazi mmoja wa reli aliitoa Zambia ikiwa imezimika, akamwachia, akasema, "Siku ikiwaka nitumie salamu, nitashuka kwenye treni nije niione." Haijawaka mpaka leo. Kila mwaka, wiki ya Pasaka, Oktavia huishusha, huifungua, hubadilisha hiki na kile, huirudisha juu. Ndani yake hajawahi kuandika jina.

Sasa jiulize, televisheni za "njoo kesho" zinaishia wapi? Stoo ilipokuwa ikijaa, Oktavia alikuwa anamwita mtu wa mkokoteni, naye anaenda kuzimwaga korongoni chini ya mtaa. Mafundi wote walifanya hivyo na hakuna aliyeuliza. Mpaka mvua za mwaka huu. Maji yalisomba lile korongo yakateremsha kila kitu kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni ambako akina mama wanalima mboga kiangazi chote.

Asubuhi moja jirani yake Emilia aliingia kibandani akichechemea, mguu umefungwa kitambaa. Akafungua kitenge, akaweka mezani kifuniko cha televisheni chenye matope.

"Mwandiko huu wa nani, dada Oktavia?"

"Wangu."

"Nimeuchimbua kwenye mboga zangu za chainizi. Na kioo chake nimekikanyaga."

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Oktavia alisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Yeye ndiye fundi, yeye ndiye anayejua kwamba kioo cha chogo kina madini ya risasi, na kwamba ule unga uliopakwa ndani si kitu cha kuvuta puani, sembuse kula kwenye mboga. Siku hiyohiyo alifunga kibanda. Kwa wiki mbili yeye na Emilia walivaa glavu na viatu vya mvua, wakaokota kipande kwa kipande, wakakwangua na udongo wa juu, wakajaza mapipa matatu. Mapipa yakawekwa uani kwa Oktavia, nyuma ya kibanda. Haya, na kutoka hapo yaende wapi? Kuyazika tena ilikuwa ni kusubiri mvua nyingine.

Alipiga simu mpaka salio likamkimbia. Mwisho akapata kiwanda kimoja Dar es Salaam kinachofungua vifaa vya umeme vilivyokwisha kwa utaratibu wake, kioo kando, shaba kando, plastiki kando. Lori lao lingekuwa linarudi tupu kutoka Tunduma, lingepita Makambako Jumatatu, wiki tatu mbele, saa sita mchana. Lakini lisingesimama kwa mapipa matatu tu. Lilitaka televisheni mia moja, nzima, vioo havijavunjika. Zikitimia, mapipa yangepanda juu yake bila maneno.

"Na zikipungua?" Oktavia aliuliza.

"Zikipungua napakia mbao, mama," alijibu Filbert, dereva wa lori. "Hapo kwenu wenye mbao hawakosi. Ila tusije tukalaumiana. Tisini na tisa siyo mia."

Mia! Oktavia alitoka nje akaruka, mtu mzima, sketi imejaa vumbi la stoo. Hesabu yake ilikaa palepale. Stoo alikuwa na arobaini na saba. Njombe mjini kulikuwa na gesti moja iliyobadilisha vyumba vyote ikaweka televisheni za flati, na mwenyewe alikuwa tayari kutoa machogo yake kumi na matatu. Zilibaki arobaini, na hizo alijua ziko wapi. Ziko sebuleni kwa watu, zimefunikwa kitambaa cha kufuma, flati imekalishwa juu yake, chogo limegeuka meza! Hakuna anayelitazama na hakuna mwenye moyo wa kulitupa. Basi Oktavia, Mkatoliki wa misa ya kwanza, akaenda kwa mchungaji wa Kilutheri, ambaye kanisa lake lina uwanja mkubwa na ambaye redio yake ilipona mikononi mwa Oktavia. Mchungaji akatangaza Jumapili mbili mfululizo kwamba Jumapili ya tatu, mwenye televisheni iliyokwisha ailete uwanjani; ya nini, hakusema.

Jumapili yenyewe ilipofika, Oktavia alitoka misa ya kwanza moja kwa moja mpaka kwenye kirikuu, kigari cha mizigo cha Edson wa mtaani kwao, wakaenda Njombe. Baridi ilikuwa kali, ukungu umelala barabarani, lakini yeye alikuwa anatoka jasho. Kila nusu saa kijana wa getini anampigia simu kutoka uwanja wa kanisa, kule mtaani Lyamkena: zimefika kumi, zimefika ishirini na tano, mama zimefika arobaini kamili! Edson alisema hajawahi kubeba abiria mwenye furaha kiasi kile akiwa hajatoka harusini. Walipakia machogo kumi na matatu, wakayafunga kwa magodoro ya gesti yaliyochakaa, wakarudi Makambako wakiimba nyimbo za kwaya, Edson sauti ya nne na Oktavia sauti zote.

Saa nane mchana wakaingia uwanja wa kanisa. Mtupu! Kulikuwa na maganda ya mahindi, manyoya ya kuku, na Mzee Nahumu, mzee wa kanisa, amekaa kwenye benchi amelegeza tai, sauti imemkauka.

"Mzee Nahumu, kamwene. Televisheni ziko wapi?"

"Fundi! Umekosa uhondo!" Mzee alisimama kwa raha. "Mnada kama wa leo sijawahi kuuendesha. Zimeisha zote!"

"Zimeisha vipi?"

"Zimenunuliwa!"

Hebu subiri, mgeni asipotee. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya mavuno. Siku ya mavuno kila mtu analeta alichojaliwa, mahindi, maharage, viazi, kuku, vinapangwa mstari, na ibada ikiisha mzee wa kanisa anavinadi uwanjani. Mtu akinunua yai moja kwa bei ya mbuzi hakuna anayeshangaa, maana hanunui yai, anatoa sadaka. Sasa televisheni arobaini zilikuwa zimepangwa vizuri kati ya magunia ya viazi na majogoo. Mchungaji alishaondoka kwenda kuhubiri mtaa mwingine. Na Mzee Nahumu alifanya alichokifanya kwa miaka thelathini: kilichoko kwenye mstari, kinanadiwa.

"Lakini mzee wangu, zilikuwa mbovu!"

"Najua ni mbovu. Nikasema kabisa, mbovu hii, nani anaongeza? Mwaka jana niliuza jogoo kipofu, fundi."

Oktavia alikaa chini, palepale kwenye maganda. Aliyaona mapipa yake matatu yakirudi ardhini. Aliuona mguu wa Emilia. Halafu hasira ikampandisha juu.

"Ninyi Walutheri mngeuza hata mimbari kama ingekaa vibaya!"

"Na ninyi Wakatoliki mngekuja kusali hapa mara moja moja mngetuambia mapema!"

Wakatazamana. Edson akapasuka kicheko, na cheko hilo likawaambukiza wote wawili, mpaka Oktavia akalifuta chozi. Ndipo alipomweleza mzee habari ya mapipa, ya chainizi, ya lori na hesabu ya mia. Mzee Nahumu alivua kofia. Uso ulimbadilika.

"Amon kachukua kumi na moja," alisema taratibu.

"Amon gani?"

"Wa chuma chakavu. Wa kule relini."

Oktavia hakungoja. Amon akinunua chogo hanunui kitambaa cha juu wala kioo, ananunua shaba iliyozungushwa kwenye shingo ya kioo, na namna yake ya kuitoa ni nyundo. Shingo ikishavunjika, chogo halihesabiwi tena. "Edson, kanyaga!" Kirikuu kilikwenda na machogo kumi na matatu yakicheza nyuma, Oktavia amechomoza kichwa dirishani anapiga kelele watu wapishe. Ukiniuliza, siku hiyo Edson alivunja sheria nne za barabarani.

Walimkuta Amon amevua shati, machogo kumi na moja yamepangwa mbele yake, nyundo iko hewani.

"Amon! Shusha mkono!"

"Kuna nini, mama?"

"Shusha kwanza, tutaongea!"

Akashusha taratibu. Oktavia akamweleza akihema. Amon alikuna kichwa. Yeye alitoa sadaka, alisema, lakini pia alipigia hesabu shaba, na shaba ndiyo kazi yake. Kwa hiyo?

"Uani kwangu kuna mota mbovu ya mashine ya kusaga, mali yangu," alisema Oktavia. "Ina shaba kuliko machogo haya yote, na haikukati wala haikurushii unga wowote. Ichukue, nipe haya."

"Ile kubwa? Ya bluu?"

"Ileile."

Amon akatupa nyundo huko. "Mama, mbona hukusema tangu mwaka jana? Nilikuulizia mota ile ukaniambia nije kesho!"

Kumi na moja zikarudi. Zilibaki ishirini na tisa, zimetawanyika kwa waumini, na lori ni kesho saa sita. Lakini Jumatatu asubuhi, kabla Oktavia hajamaliza chai, alisikia sauti inatingisha mtaa mzima. Mzee Nahumu alikuwa amesimama nyuma ya kirikuu cha Edson, suti ileile ya jana, kipaza sauti cha kanisa mkononi.

"Wapendwa! Nimezitawanya mimi, nazikusanya mimi! Jana niliuliza nani anaongeza. Leo nauliza nani anapunguza! Ulichotoa ni sadaka, hakirudi. Ulichobeba ni chogo, lirudi! Nani ananipa la kwanza? Mama mwenye kilemba cha kijani, jana ulinishinda bei mbele ya watu, leo nishinde tena!"

We acha! Watu walitoka majumbani wakicheka. Mama wa kilemba cha kijani akatoka na lake kichwani, limewekewa ngata. Mwingine alikuwa ameshalifunika kitambaa na kuliwekea picha ya harusi. Akaitoa picha, akaipangusa, akalibusu chogo kwaheri. Yakaja kwa bodaboda, yakaja kwa mkokoteni, na kila likifika mbele ya kibanda Mzee Nahumu ananadi, "Sabini na nane! Nani ana sabini na tisa?" na umati unajibu kwa vigelegele. Oktavia anapokea, anakagua shingo, anapanga, anahesabu kwa sauti. Emilia alikuwa amekaa juu ya pipa moja, anapiga makofi.

Saa tano na nusu lori likafika. Nyuma yake, bila kualikwa, likasimama tela la mfanyabiashara mmoja wa mbao, mbao tayari, wapakiaji tayari. Alikuwa amesikia kwamba hesabu huenda ikapungua. Mwenyewe alishuka akaegemea tela, akaanza kuchokonoa meno.

Filbert akahesabu. Akahesabu tena kutoka upande wa pili.

"Tisini na tisa."

"Haiwezekani!" Mzee Nahumu alipaza sauti. "Nani bado?"

Umati ukapisha njia, akatokea Anania, mfugaji wa kuku, kichwa chini. Mkono mmoja amebeba sanduku la televisheni likiwa tupu, mkono wa pili ndoo ya vioo.

"Nilitaka kiota," alisema. "Nilianza jana jioni. Nisameheni jamani. Vioo nimevileta vyote."

Hakuna aliyemgombeza, maana hata kuku wake walikuwa bado hawajafaidi. Mzee Nahumu akanyanyua kipaza sauti. "La mia! Nani ana la mia?" Watu wakatazamana. Kila mwenye chogo alishaleta. "La mia, wapendwa!" Mwenye mbao akatupa kijiti chake, akawaashiria wapakiaji wake.

Ndipo Oktavia alipoona Emilia ameinua macho. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama juu ya mlango. Mzee Nahumu akafuata macho yake, akafuata Edson, akafuata Amon, mpaka umati wote ukawa unaitazama ile rafu.

"Kile ni kibao," Oktavia alisema haraka.

Filbert akasogea. "Kina kioo?"

"Kina."

"Kizima?"

"Kizima."

"Ni televisheni, basi. Inafanya kazi?"

Oktavia alifungua mdomo, na maneno yaliyotoka ni yaleyale ya siku zote. "Imechoka tu. Kuna kitu kimoja sijakibadilisha. Njoo kesho uone…"

"Kesho nitakuwa Dar, mama."

Alijisikia mwenyewe. Mbele ya mtaa mzima alijisikia. Miaka yote anawaambia watu njoo kesho, na leo asubuhi amepokea vitu vyao kwa vifijo, picha za harusi zimeondolewa juu yake, na yeye amesimama kulinda cha kwake. Moyo ulimuuma kweli, sitaki kuficha. Alivuta stuli, akapanda. Edson alitaka kumsaidia, akamkatalia kwa mkono. Akaikumbatia ile televisheni ya mbao, akashuka nayo taratibu, akaiweka mezani, akaifungua mgongo kama wiki ya Pasaka. Vumbi likamjaa usoni. Hakulipuliza.

"Fundi," Mzee Nahumu aliuliza kwa upole, kipaza sauti kimesahaulika mkononi kikiwa kinawaka, "ina tatizo gani?"

"Imekufa," alisema Oktavia.

Neno likatoka kwenye kipaza sauti, likaenda mpaka barabara kuu. Oktavia akalisikia likirudi, akashangaa kwamba bado amesimama, na kwamba kifua kimekuwa chepesi. Akacheka. "Imekufa jamani! Ilikufa kabla haijanifikia!" Akachukua kopo la rangi nyeupe, akachovya kijiti, na ndani ya kifuniko akaandika jina lake na tarehe ya siku hiyo.

Kelele zilizofuata nisikueleze. "Mara ya kwanza!" alinguruma Mzee Nahumu. "Mara ya pili! Mara ya tatu! Imeenda!" Mwenye mbao mwenyewe alijikuta anapiga makofi. Fundi alibebwa juujuu, akateremshwa, akabebwa tena. Katikati ya shangwe sauti moja ya mama mtu mzima ikapenya, "Na pasi yangu ya mwaka juzi, fundi?" Oktavia akajibu bila kupepesa, "Imekufa, mama! Ilete nayo!" na pasi ikapakiwa.

Mapipa matatu yalipanda mwisho, na ndoo ya Anania juu yake. Lori lilipokata kona ya barabara kuu, Emilia alimsogelea Oktavia, ambaye alikuwa bado anaitazama rafu yake tupu.

"Napanda miche ya chainizi bondeni," alisema. "Jembe la pili lipo. Njoo kesho."

Na safari hii kesho ilikuwa Jumanne.